MIZANI, DAFTARI NA UFUNGUO
Mazungumzo ya Kamati ya Chama kwa wanachama wote kabla ya Mkutano Mkuu
(Anayejua kusoma amsomee jirani yake. Tafadhali msichane karatasi hii.)



Maneno haya tuliyasema Jumamosi pale ghalani. Wengi hawakuwapo, na wengine waliondoka kabla hatujamaliza kwa sababu ya mvua. Kwa hiyo tumeyaandika hapa ukutani, kila mtu ayasome kwa nafasi yake, ayapinge akitaka, na aje mkutanoni akiwa na la kusema.

Jambo lenyewe ni moja. Mfanyabiashara ameomba tumkodishe ghala letu kwa miaka mitano. Kodi ya mwaka wa kwanza atailipa yote mkononi. Upande wa pili liko pendekezo lililotoka kwenu wenyewe: ghala libaki letu, tukusanye humo asali, mafuta ya alizeti, maharage na karanga zetu, tupime, tufungashe, tuuze katika duka letu na kusambaza vijiji vya jirani hadi mjini. Mkutano Mkuu ndio utakaoamua. Katika Kamati hakuna mwenye kura mbili. Lakini mlituchagua ili tufikiri, basi tunawaambia tulivyofikiri.

HASARA INAANZIA WAPI?

Tuanze na gunia. Sheria ya vipimo ya nchi yetu inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Sote tunajua linavyoondoka shambani: limejazwa, limeshindiliwa, kisha limevishwa kofia na kushonwa kamba juu. Ndiyo lumbesa hiyo. Tufanye hesabu ya mfano tu. Ikiwa gunia lina kilo 130 na umelipwa bei ya kilo 100, basi kwa magunia kumi umetoa kilo 300 bure. Hayo ni magunia matatu. Umeyalima, umeyapalilia, umeyabeba, kisha ukampa mtu zawadi na yeye hata asante hakusema.

Wala si sisi tu. Kusini, kwenye korosho, ununuzi wa kisirisiri kwa chombo kisicho mizani halali wanauita kangomba. Kagera, mkulima aliyebanwa na shida huuza kahawa yake ingali ua mtini, na hiyo huitwa butura. Majina ni mbalimbali, ugonjwa ni mmoja: mkulima anauza peke yake, ana haraka, na kipimo ni cha mnunuzi.

Tazameni na alizeti. Mbegu zinapakiwa hapa, zinakwenda mjini, zinakamuliwa huko. Baada ya mwezi mafuta yanarudi dukani katika madumu, nasi tunayanunua. Nauli tumelipa mara mbili, ya kwenda imekatwa katika bei ya mbegu, na ya kurudi imeongezwa katika bei ya mafuta. Mashudu je? Yamebaki mjini, yanalisha kuku na ng'ombe wa watu wengine, hali kuku wetu wanaparua mavumbi.

Na asali ndiyo usiseme. Inaondoka hapa safi. Huko njiani wapo wanaoichanganya na maji ya sukari. Mlaji akiionja anasema, "Asali ya huko kwao siku hizi haifai." Faida amekula mwingine, aibu tumebeba sisi.

WALIOANZA KABLA YETU

Jamani, wazo la duka la watu wote si la jana. Uingereza, katika mji wa Rochdale, watu 28, miongoni mwao wafumaji wa nguo, walikuwa wanalipwa mishahara midogo, na madukani waliuziwa unga uliochanganywa na vitu vingine na kupunjwa kwenye mizani. Wakachanga senti kidogo kidogo kila juma mpaka wakapata pauni 28. Tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua duka lao. Lilikuwa na nini? Siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa. Basi. Watu wakawacheka. Lakini walikuwa na kanuni: mali safi, kipimo kamili, fedha taslimu, mwanachama mmoja kura moja, na ziada igawanywe kwa kadiri kila mtu alivyonunua. Kanuni hizo zimezunguka dunia nzima.

Hapa kwetu wakulima wa Kilimanjaro waliunda KNCU mwaka 1933, wakauza kahawa yao kwa pamoja. Kwa upande wa Ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba hawakuanza kwa kujenga ofisi. Walianza kwa kuweka watu wao wenyewe wa kukagua mizani kwenye vituo vya kununulia. Kutoka katika mizani vikatoka vyama, na mwaka 1955 vyama vikaungana katika Shirikisho la Victoria, likiongozwa na Ndugu Paul Bomani, likawa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima katika Afrika. Na sisi warina asali tukumbuke Tabora, ambako chama cha ushirika cha wafuga nyuki kilianzishwa mwaka 1962 kukusanya asali na nta za watu waliotawanyika msituni.

Mmeona? Wote hao walishika kwanza mizani. Majengo yalifuata.

USHIRIKA WA KULETEWA

Lakini tusiimbe sifa tu. Wazee mliopo hapa mnakumbuka mengine, nanyi ndio mliotuambia Jumamosi, "Maduka ya ushirika tuliyaona, yalikufa." Ni kweli. Tuseme wazi yalikufa kwa nini.

Mwaka 1962 iliundwa Cosata ili kuwafikishia wananchi bidhaa kwa njia ya maduka ya ushirika. Maduka yakafunguliwa kwa haraka, mengi yakafa katika miaka hiyohiyo ya 60. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika ikakuta wanachama hawakufundishwa, watumishi wenye ujuzi hawakutosha, na wanasiasa walijiingiza katika kazi za vyama. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vyote, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Mwaka huohuo maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa kwa operesheni ili duka la kijiji lichukue nafasi. Operesheni haikudumu. Duka la kijiji likabaki na mwuzaji, kaunta na rafu tupu, sabuni na sukari zikatafutwa kwa walanguzi. Sheria ya 1982 ndiyo iliyorudisha vyama vikuu.

Tunajifunza nini? Ushirika ulioletwa kwa amri unaweza kuondolewa kwa amri, na siku unapoondolewa mwanachama hashtuki, kwa sababu hakujua kama ulikuwa wake. Alikuwa anaambiwa "mali yenu", lakini daftari hakupata kuliona. Mali ya wote isiyosomwa na wote ni mali ya mwenye ufunguo. Hilo ndilo neno letu la leo, mengine yote ni maelezo yake.

MAMBO MATANO YA KUSHIKA

Ikiwa mtaamua ghala libaki letu, basi Kamati inaona lisifunguliwe hata siku moja bila mambo matano haya.

La kwanza, mizani iwe nje, penye mwanga. Anayeleta mzigo asome uzito mwenyewe kabla karani hajaandika. Asiyejua kusoma aje na mtoto wa shule. Kila mzigo upate stakabadhi, hata kama ni kilo tatu za karanga. Wala hakuna debe la kichwa, hakuna lumbesa, hata tukiwapimia wanunuzi wa mjini. Hatuwezi kulia dhuluma asubuhi tukaitenda jioni.

La pili, daftari lije ukutani. Kila Jumamosi hapa hapa ubaoni paandikwe: mzigo ulioingia, uliouzwa, uliobaki, fedha zilizopo, na gharama, pamoja na nauli ya pikipiki na kamba za kufungia. Tarakimu kubwa, wino mweusi. Mwanachama yeyote akitaka kuhesabu mzigo uliobaki, afunguliwe ahesabu. Anayeuliza hesabu asiitwe mchochezi. Huyo ndiye mlinzi wetu, tena hatumlipi.

La tatu, ufunguo. Mlango uwe na kufuli mbili, na funguo zikae kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Aandikaye mapokezi asiwe ndiye atunzaye fedha. Si kwamba tunamshuku mtu. Mtu mwema naye anahitaji kulindwa na maneno ya watu.

La nne, fedha taslimu. Kwa simu au mkononi ni sawa, lakini mkopo hapana. Tunajua neno hili ni chungu. Lakini maduka mengi hayakuuawa na wezi, yaliuawa na majirani wema waliosema "nitaleta mwisho wa mwezi". Mwuza duka hawezi kumkatalia shemeji yake. Kanuni ndiyo imkatalie.

La tano, mali iwe safi na isimalize ardhi yetu. Asali ivunwe pale nyuki wameshaziba masega, maana ikivunwa mapema ina maji mengi nayo huchacha. Tusipokee asali iliyopatikana kwa kukata mti au kuchoma kichaka: mti mmoja ukisimama tunarina miaka mingi, ukianguka tunarina mara moja. Mkaa tusiuze kabisa katika duka hili. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo mnunuzi aje na kikapu. Dumu la mafuta na chupa ya asali viwekewe amana kidogo, akirudisha chombo anarudishiwa fedha yake. Chombo kikioshwa na kujazwa tena, gharama inapungua na takataka hazijai mtoni.

MASWALI MLIYOTUULIZA

"Mimi nina shida leo. Mfanyabiashara analipa leo. Chama kitanilipa lini?" Swali hili ndilo lililovunja vyama vingi, hatutalikwepa. Utaratibu ambao vyama vya mazao vimeutumia muda mrefu ni malipo kwa awamu. Ukileta mzigo unapata malipo ya awali palepale. Mzigo ukiuzwa na gharama zikitolewa, unapata malipo ya pili. Lakini malipo ya awali yanahitaji fedha ya kuanzia, na fedha hiyo ni hisa zetu. Bila hisa, awamu ya kwanza ni hadithi. Ndiyo maana tunapendekeza hisa iweze kulipwa kwa mazao pia, ili asiye na fedha asiachwe nje.

"Mtoto akiugua usiku, nami sina hata senti, hata hapo mtaninyima?" Duka litakunyima, Chama hakitakunyima. Tutenge mfuko wa maafa, wenye daftari lake na sanduku lake, nje ya fedha ya biashara. Tukichanganya huruma na mtaji katika sanduku moja, vyote viwili vitakwisha.

"Faida tutaionaje?" Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mwisho wa mwaka, baada ya gharama zote na baada ya kuweka akiba kama masharti yetu yanavyotaka, imebaki ziada ya sh. 400,000/=, na biashara yote ya wanachama ilikuwa sh. 8,000,000/=. Kila sh. 1,000/= uliyofanya biashara na Chama inakurudishia sh. 50/=. Aliyefanya biashara ya sh. 200,000/= atapata sh. 10,000/=. Si utajiri. Lakini mfanyabiashara gani amewahi kukurudishia hata shilingi moja mwisho wa mwaka? Na zaidi ya mgao huo, kila siku umepimiwa kilo iliyo kilo.

"Viongozi wakila je?" Watakula kama mtawaacha. Hatuwaombi mtuamini, tunawaomba mtuhesabu. Ukuta usipoandikwa Jumamosi mbili mfululizo, wanachama mwitishe mkutano bila kungoja Kamati. Tunataka kifungu hicho kiandikwe katika masharti kabla ya kufungua mlango.

"Vijana watapata nini, au ni kubeba magunia tu?" Kazi ya kusambaza ni yao. Wenye pikipiki wapewe mizigo ya vijiji vya jirani kwa nauli iliyoandikwa hapa ukutani, na kila kijana asafiri na hati ya mzigo ipokelewe na kusainiwa huko anakokwenda. Simu zao zitatuletea bei ya mjini kabla mzigo haujaondoka. Zamani mkulima alijua bei alipofika sokoni, akiwa amechoka na gunia liko chini. Siku hizi tunaweza kuijua tungali nyumbani. Tusipoitumia nafasi hiyo, tutamlaumu nani?

"Na kodi ya mfanyabiashara, si ni fedha ya uhakika?" Ndiyo. Hatutaificha. Paa linavuja upande wa kaskazini, na kodi yake ingenunua mabati kesho. Huyo ndugu hajatukosea neno, anatafuta riziki kama sisi. Lakini ghala hili ndilo pekee kijijini la kuwekea mzigo usilowe. Tukilikodisha miaka mitano, msimu wa mavuno kila mmoja wetu atarudi kuuza peke yake, mlangoni mwa ghala lake mwenyewe, kwa bei ya aliyemo ndani. Mabati tutayapata, msimu hatutaupata. Hata hivyo tunasema: kama mnajua katika mioyo yenu kwamba mzigo hamtaleta, bora tukodishe. Ghala tupu lenye jina la ushirika ni hasara kuliko ghala la kodi.

TUANZE NA KIDOGO

Kuna ndugu walisema tufungue na bidhaa kumi na tano, na sabuni, na soda, na vocha za simu. Twende taratibu. Rochdale walianza na vitu vitano. Sisi tunapendekeza vinne: asali, mafuta, maharage, karanga. Ni vitu tunavyovijua, tunaweza kuvikagua kwa macho na ulimi, na jirani anavila kila juma. Alizeti tutaikamua kwenye mashine ya kijiji cha pili kwa malipo, na mashudu yarudi hapa. Mwaka mmoja ukipita na ukuta umejaa hesabu safi, tutaongeza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kisiwe na tundu.

TUNAYOWAOMBA

Kwanza, njooni. Akina mama hasa, maana karanga na maharage mengi yanatoka mikononi mwenu, na kuna nyumba ambazo hisa imeandikwa kwa jina la baba huku jembe limeshikwa na mama. Mama naye awe mwanachama kwa jina lake, apokee fedha ya mzigo wake mwenyewe.

Pili, kura iwe ya siri. Tumeona jinsi mikono inavyonyooshwa kwa kumtazama jirani.

Tatu, kila atakayepiga kura ya kubaki na ghala aseme papo hapo ataleta madebe mangapi msimu huu, na karani aandike. Usiseme ndiyo mkutanoni, kisha asali nzuri ukaipeleka barabarani na kutuletea masalia. Chama hakina shamba, hakina mzinga, hakina ng'ombe. Kina kile mlichokileta, na kitasimama kwa kadiri hiyo hiyo.

Nne, mwenye hoja ya kukodisha aje aiseme, asikilizwe bila kuzomewa. Huenda ameona jambo ambalo sisi hatukuliona, na mkutano ambao watu wote wanasema ndiyo haujachunguza kitu.

Umoja ni nguvu, ndugu zetu, lakini nguvu isiyopimwa hupotea njiani. Hesabu za kwanza, yaani mali iliyomo ghalani leo, madeni na fedha zilizopo, tumezibandika hapa chini ya karatasi hii. Zisomeni. Mkiona tarakimu isiyokaa sawa, iwekeeni alama kwa penseli na mje nayo.

Mkutano Mkuu ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, hapa hapa ghalani. Mizani itakuwa nje.



Sisi wenu,
Kamati ya Chama